Nilivyoziba Upepo wa Bustani

Jumatatu, 2 Septemba 1996
Jua kali. Namshukuru Mungu nina kibarua kwenye bustani mpya ya ziwani, mimi wa darasa la pili! Namshukuru na Mama Evelina, bosi wetu, hakuniuliza cheti. Leo katuambia mimi na kibarua mwenzangu Venant: Alhamisi wakubwa wa halmashauri wanakuja. Wakisikia ubaridi, bustani inabaki. Wakisikia joto, panajengwa vibanda vya biashara, na sisi nyumbani. Venant kauliza maswali mengi. Ana la saba huyo. Mimi aibu. Nikaangalia tu.

Jumanne, 3 Septemba
Nimegundua kosa! Upande wa ziwa hauna mti hata mmoja. Wazi! Mbuzi wanapita watakavyo. Kwetu Misungwi ukitaka majani yastawi unayafungia, tunaita ngitili, haingii mnyama wala mtu. Mama Evelina kasahau. Sitamwaibisha. Nitamsaidia kimya kimya.

Jumatano, 4 Septemba
Mama kaenda Busisi kufuata miche. Nafasi! Nimekata minyaa mirefu kunizidi, nikaichomeka upande wote wa ziwa, nikasukia miiba. Hata kuku hapiti. Venant kaniuliza zizi hili la ng'ombe gani, akacheka mpaka akakaa chini. Wivu!

Alhamisi, 5 Septemba
Balaa. Wakubwa wakakaa chini ya mikuyu. Kivuli kipo, upepo hakuna. Jasho! Mmoja akasema afadhali ofisini kwake kuna feni. Mama akauliza nani kajenga ule ua. Venant akanionyesha kwa mdomo. Mimi nikasema shikamoo. Mama akasema pale aliacha wazi makusudi, ndiyo njia ya upepo wa ziwa, ng'oa! Nikang'oa mbio, miiba mikononi. Venant akanisaidia, Mungu ambariki. Ua kuanguka tu, upepo huo! Kofia zikaruka. Yule wa feni akavua koti, akasinzia.

Ijumaa, 6 Septemba
Bustani inabaki! Wakubwa wamesema tofauti wameisikia kwenye ngozi zao. Sijafukuzwa! Mama kaniambia, mwanangu, siku nyingine uniulize kwanza. Nikasema ndiyo Mama. Machozi kidogo.

Jumapili, 8 Septemba
Nimeshukuru kanisani, nikapita bustanini. Miche ya Busisi tuliyopanda imechangamka, laini kama mchicha. Ila kwa maji tunayomwaga nyasi zimerefuka. Mama atahangaika kufyeka. Nilitaka kumuuliza, nikaona aibu. Bahati nzuri mjomba Shimba ana ng'ombe Buhongwa. Kakubali kuwaleta kesho alfajiri, wote, bure kabisa. Mama atafurahi huyo!