Namba 4417 Apokea Bahasha

Jumatatu, 9 Machi

Mwalimu wa sanaa amesema kati ya filamu tutakazotengeneza wanafunzi, moja tu ndiyo itakayoonyeshwa ukumbini Ijumaa, siku ya wazazi. Mama ameomba ruhusa kazini ili aje, mara ya kwanza tangu nianze sekondari. Kwa hiyo lazima iwe yangu. Mimi ambaye nikiulizwa swali darasani naangalia viatu. Filamu itaongea badala yangu.

Itakuwa ya kutisha: askari mla rushwa, jambazi, damu mtaani. Mama ni koplo wa polisi. Hajauliza inahusu nini. Sijasema.

Mswada niliuandika kwa lugha ya darasani. Jambazi akawa anaongea kama barua ya kuomba kazi. Nimeuandika upya kwa lugha ya nyumbani. Sasa anatisha.

Jumanne, 10 Machi

Binamu yangu, mrefu kama mlingoti, amekubali kuwa askari mla rushwa. Sharti lake nimfanyie hesabu wiki nzima. Sawa. Fundi cherehani wa jirani ametupa chumba chake cha nyuma kiwe kituo cha polisi, mradi niwapelekee wateja wake nguo. Sawa. Dada yangu mdogo amenikuta natoa shati la kazi la Mama kabatini. Akasema ana njaa kidogo. Biskuti zangu zote zimekwenda.

Filamu ya kupinga rushwa ni kazi ngumu.

Jumatano, 11 Machi

Tumerekodi filamu. Damu ni nyanya ya kopo. Jambazi ni fundi mwenyewe, alisema hawezi kukaa tu akitazama. Alikimbizwa uchochoroni, akapita kwenye kamba ya nguo, akatokea upande wa pili amejifunika shuka la watu. Nimeliacha hilo. Linaonyesha ugumu wa maisha.

Binamu anapokea bahasha huku anatabasamu mno. Nilimwomba apunguze. Akasema tabasamu ni nyongeza, nishukuru.

Shati limefuliwa, limepigwa pasi, limerudi kabatini. Mpango safi.

Alhamisi, 12 Machi

Yangu imechaguliwa! Mpinzani wangu, tunayemwita Profesa, alileta dakika ishirini za mchwa. Hakunipa mkono.

Jioni nikaitazama tena kwa raha zangu. Kifuani pa binamu, wazi kabisa: 4417. Namba ya Mama kazini. Na mkuu wa kituo chao ana binti kidato cha kwanza pale pale shuleni. Atakuja.

Nikaenda mbio kwa mwalimu kuomba anirudishie filamu. Alipofungua mlango, nikaona aibu. Nikamtakia jioni njema, nikarudi.

Ijumaa, 13 Machi

Ukumbi ulijaa. Binamu akapokea bahasha. 4417 ikatanda ukutani, kubwa kuliko mlango. Mkuu wa kituo akageuka polepole, akamtazama Mama. Mama akatazama ukuta. Mimi nikatazama viatu.

Ndipo jambazi akatokea na shuka. Watu wakaangua kicheko, mkuu wa kituo akafuta machozi. Akamwambia Mama kwamba miaka yote hii 4417 hajapokea hata soda ya mtu, kumbe alikuwa anasubiri arefuke.

Nyumbani Mama aliosha vyombo vyote kwanza. Kisha akasema, mwanangu, ungeniomba tu, lipo shati la zamani lisilo na namba, chini kabisa ndani ya sanduku. Akaongeza kuwa askari mla rushwa hatabasamu, hutazama pembeni kama anayesubiri basi. Amewahi kuwakamata wawili. Adhabu yangu: kupiga pasi sare zake muhula mzima. Na filamu, akasema, ameipenda.

Nitapiga pasi hata soksi.

Jumamosi, 14 Machi

Sehemu ya pili. Askari wetu amepanda cheo, anahitaji kofia ya mkuu wa kituo. Kuomba naona aibu. Nimeongea na binti yake. Anataka insha tatu. Sawa.

Dada yangu alikuwa nyuma ya mlango. Amesema ana njaa kidogo.