Baraka Mbili kwa Shujaa Mmoja

Jumatatu, 4 Machi 2019
Jumamosi tunapambana na joka. Miaka tisa nimemchezesha shujaa wangu wa kubuni, Osgar, katika mchezo wa mezani kwa Lorna, hapa hapa Wisconsin, na hajawahi kufa. Akifa, karatasi yenye sifa zake inachanwa mbele ya wote. Ndiyo desturi yetu. Ili auepuke moto wa joka, kete yangu ya pande ishirini ifikishe kumi na sita. Mimi na kete hatujawahi kupatana.

Jumatano, 6 Machi
Nimepata! Duane, fundi bomba, anamchezesha kuhani. Nimempelekea jibini mbichi, ile inayolia menoni, nikamwomba amwombee Osgar sala ya mchezoni iitwayo Baraka. Inaongeza nne kwenye kete. Kakubali mdomo umejaa. Kisha kwa Marlys, mwalimu mstaafu, naye ana kuhani wake. Jibini ileile, ombi lilelile. Kila mmoja nimemwapia kwamba ni yeye tu ninayemtegemea. Nne na nne, nane! Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mimi nina kipara, zangu zimo ndani.

Ijumaa, 8 Machi
Theluji. Lorna, mwamuzi wetu, kapita na lori lake la kusafishia barabara. Kasimama kuniuliza mbona natabasamu peke yangu. Nikasema ni hali ya hewa. Mwanamke yule ana kitabu kizima cha kanuni kichwani. Namhusudu mno. Ila safari hii nimemzidi.

Jumamosi, 9 Machi
Aibu! Duane kaomba. Marlys kaomba. Wakatazamana. Marlys kaniuliza, "Merle, si uliniambia ni mimi tu?" Duane akadakia, "Hata jibini tumegawana, dada." Nikajifanya sisikii, nikatangaza nane.

Lorna hakugusa hata kitabu. Kasema baraka mbili za jina moja hazijumlishwi. Inafanya kazi moja, nyingine inalala chini yake. Nne tu!

Kisha joka likamwangusha kuhani wa Duane, na sala yake ikakatika hapo hapo. Nikaishika karatasi ya Osgar kwa mikono miwili. Hakuna aliyekumbuka ile baraka ya pili, mimi wa kwanza. Lorna angeweza kunyamaza. Kasema ile ya Marlys ilikuwa hai muda wote, sasa imeamka, nitupe kete.

Kumi na mbili. Na nne. Kumi na sita!

Nililia mbele ya watu. Nilikwenda kumlaghai, naye kanikumbushia haki yangu. Mwamuzi kama huyu hazaliwi mara mbili.

Jumapili, 10 Machi
Nimetafakari kanisani. Kanuni inasema za jina moja. Basi Duane sala yake aiite Neema! Sala ileile, jina jipya. Lorna hakosei, nakiri, lakini hili hawezi kuligundua. Kwa uhakika zaidi nimempigia simu yeye mwenyewe kumwuliza kama inaruhusiwa, mfano tu, bila kumtaja mtu. Kacheka sana. Nina hakika hajashuku kitu.