Habari ya Senene Niliyoikariri

Jumatatu, 18 Novemba

Mwalimu Judica anasema shajara haina haja ya salamu. Mimi siwezi kuanza bila salamu, nitaonekana sina adabu. Basi: mume wangu Rutaihwa hajambo. Mama mkwe, Ma Kokugonza, hajambo ila goti. Binti yangu Annastella, aliyeko chuoni Bukoba mjini, hajambo, namwombea. Mbuzi hajambo. Mimi Jovina ni hofu tupu.

Leo kwenye kisomo chetu cha watu wazima hapa Kanazi tumeambiwa kila mmoja atafute habari ya zamani kwa mzee wa nyumbani. Mwalimu ataiandika kwenye karatasi kubwa, na mwenye habari ataisoma Jumamosi mbele ya familia zetu. Annastella atakuja! Na nilishamwambia najua kusoma. Najua, ila polepole. Kuandika yangu naweza, ila kusoma ya mwingine, mstari mmoja, jasho.

Nimepata akili. Nitaikariri! Nani atajua?

Jumanne, 19 Novemba

Mama mkwe amegoma kusimulia mpaka aonje rubisi, pombe yetu ya ndizi. Nikampa. Akalala.

Jumatano, 20 Novemba

Leo nimempa kahawa ya kutafuna. Akasimulia vizuri! Zamani senene, wale panzi wetu watamu, wakianguka msimu wao, wanawake ndio waliowakamata, wanaume ndio waliowala, na mume mwenye haya alimpa mkewe nguo mpya kwa kazi hiyo. Yeye alipata ya maua mekundu, akaivaa kwenda misa Kashozi.

Nimeikariri huku nachambua maharage. Nikamsomea mbuzi, sikukosea. Jirani yangu Klaudia, anayekaa kiti cha mbele darasani, akachungulia kutoka migombani akiuliza naongea na nani. Nikasema nasali. Akasema, sala gani hiyo ina senene?

Alhamisi, 21 Novemba

Balaa! Nimeenda kuchota maji, huku nyuma Mwalimu kaja na kalamu, kaandika akimsikiliza mama mkwe mwenyewe. Nimemuuliza mama mkwe kama amesimulia vilevile. Akanijibu, kwani yeye redio?

Nimeamua kwamba amesimulia vilevile.

Jumamosi, 23 Novemba

Ukumbi ulijaa. Klaudia kasoma habari ya babu yake mpiga ngoma bila kukwama, akarudi kukaa kama bi harusi.

Nikasimama mimi. Nikatiririka kama maji! Mara Klaudia, kwa sauti: Mama Annastella, karatasi iko ukutani, mbona unasoma dirisha?

Watu wakacheka. Kichwa kikawa kitupu. Halikubaki hata neno moja! Nikamwona Annastella amejishika mashavu. Mwanangu nitamwaibisha hivi?

Nikageukia karatasi. Nikaweka kidole. Si-ku hi-zi. Haya sikuyakariri! Nikaendelea, mgongo umelowa. Siku hizi wanawake bado wanakamata senene, lakini nguo hawapati. Mwanangu Ru. Mwanangu Ruta. Mwanangu Rutaihwa anamaliza sahani nzima, na mkewe mpaka leo anavaa gauni aliloachiwa na shangazi.

Ukumbi ulilipuka! Mama mkwe anatafuna kahawa yake kama hayupo. Rutaihwa anaangalia viatu. Annastella kaja mbele kanikumbatia, ananiambia sikioni kwamba sasa anaamini najua kusoma, kwa sababu hakuna mke angekariri maneno hayo aje kuyasema mbele ya Baba.

Nimelia. Klaudia naye kalia, ingawa anasema ni mafua.

Jumapili, 24 Novemba

Baada ya misa Rutaihwa ameenda mjini. Hakusema anafuata nini. Ameniuliza tu napenda rangi gani.

Mwalimu Judica amefurahi mno. Anasema kwa kuwa nimeweza, Jumatano nitawasomea wenzangu habari ya kilimo cha kahawa. Ukurasa mzima! Amenipa nikajizoeze.

Nimekaa na simu mchana kutwa, nimebonyeza herufi moja moja, mwenyewe, bila msaada wa mtu: Annastella mwanangu, nakutumia picha ya karatasi. Isome kwa sauti, ujirekodi, unitumie niikariri. Klaudia asijue. Jibu upesi.