Kilo za Tambwe

Jumatatu, 3 Juni 2024

Leo nimeamua kupanda ndege.

Sijawahi. Miaka kumi na minne mimi ni karani wa kutangaza treni katika stesheni ya Kindu, na treni yenyewe huja ikijisikia. Ndege zinapita juu ya mto Lualaba, mimi niko chini na kipaza sauti mkononi, sina cha kutangaza. Sasa basi! Jumapili ni fainali ya mpira wa kikapu: timu yetu ya Reli na timu ya Bandari. Zote mbili ni za kulipwa tangu mwaka jana, zina mikataba yenye mihuri na kila kitu. Mshindi anaruka kwenda Goma kwa mashindano makubwa. Viti vya wachezaji na kocha vimeshagawiwa. Kimebaki kimoja. Kocha wetu, Mama Albertine, ametangaza kwamba atampa yule atakayemletea ulinganisho bora wa timu hizi mbili, nafasi kwa nafasi, kuanzia meneur anayepanga mchezo hadi pivot anayesimama chini ya kikapu.

Tunakitaka watu wawili. Mimi, na Wilfried wa duka la simu. Wilfried ana kalamu za rangi nne. Mimi nina akili.

Nimemweleza Fifi, mke wangu, mama wa mtoto wetu Bénie, kwamba wiki ijayo nitakuwa mawinguni. Ameuliza kama kabla ya hapo ninaweza kutengeneza bawaba ya mlango. Hana upeo.

Jumanne, 4 Juni

Upelelezi. Bandari wanafanya mazoezi saa kumi, nyuma ya maghala, karibu na maji. Nimejifanya nasubiri pirogi ya kuvuka mto ili niwatazame bila kushukiwa. Mpango safi. Ila pirogi ilikuja kweli, na watu nyuma yangu walikuwa wengi na wana haraka. Nimevushwa. Nimerudishwa. Nimelowa mpaka magotini.

Nimewahi nusu saa ya mwisho. Nafasi ya kwanza, meneur. Wao wana Idrissa. Nilikwenda kutafuta kasoro zake na nimerudi bila hata moja. Kijana mfupi! Anabeba mpira kama mtu aliyetumwa mayai na jirani. Anatazama kushoto, mpira unakwenda kulia, na anayemkaba anabaki kushoto akitafakari maisha yake. Mara moja nilijisahau, nikapiga makofi. Wote wakageuka. Nikasema nilikuwa naua mbu.

Henri wetu ni meneur mzuri na ana heshima zake. Lakini Idrissa! Nimeandika: Bandari moja, Reli sifuri. Iliniuma, ila niliandika.

Jumatano, 5 Juni

Nafasi ya pili, arrière, yule mfungaji wa mbali. Hii ni yetu! Tuna mwalimu wa hesabu wa darasa la sita. Akisharusha anageuka na kuanza kurudi nyuma kabla mpira haujafika, kwa sababu jibu ameshalijua. Moja kwa moja.

Nafasi ya tatu na ya nne, mawinga. Bandari wana mapacha kutoka Lokandu, wamekulia ndani ya mitumbwi, miguu yao haijui kuyumba. Hawaitani. Mmoja anaruka tu, na mpira wa mwenzake unamkuta huko juu. Nimewatazama dakika ishirini nzima bila kuandika neno. Mchezo mtamu namna hii usichezwe na maadui. Bandari tatu, Reli moja.

Njiani nimekutana na Wilfried. Amenionyesha karatasi yake. Ameandika yale yale! Malinganisho mawili yanayofanana, kiti kimoja, na yeye ana rangi ya bluu.

Nikakimbilia kwa Mama Albertine kuomba dokezo. Alikuwa barazani anafuma wavu wa kikapu. Dokezo hakunipa. Amenisimulia wakati wa vita, kuanzia mwaka wa tisini na nane, mimi nikiwa mtoto. Treni ilikuwa imekufa. Chumvi ilikuja kwa baiskeli za kusukumwa kutoka upande wa Lubutu. Mjini walikuwa wamebaki wanawake kumi wa timu ya zamani, na hawakuwa na wa kucheza naye. Basi walijigawa watano watano, wakacheza saa tisa alasiri, kabla ya saa ya kujifungia ndani. Na kila siku waligawana upya, nafasi kwa nafasi, ili pande ziwe sawa.

Nilimuuliza walikuwa wanalinganisha kitu gani. Urefu? Mbio?

“Tulikuwa tunaangalia nani alikula,” akasema. “Ule mwenye alikula, tunamupeleka upande wa wenye hawakukula.”

Wanawake wale niliwaona kwa macho yangu, nimekaa juu ya ukuta na watoto wenzangu, tukishangilia. Hatukujua kwamba nusu yao walikuwa wanaruka na matumbo matupu. Nilitaka kumshika mkono, nikaona aibu. Hakuna kocha kama huyu kutoka hapa mpaka Goma, na atakayebisha aje stesheni, nipo.

Halafu, nikiwa njiani kurudi nyumbani, nikasimama ghafla. Kula! Amenipa dokezo bila kujua! Nafasi iliyobaki ni ya pivot, na pivot ni uzito. Wilfried ana rangi zote za dunia lakini hana kilo ya mtu yeyote.

Alhamisi, 6 Juni

Siku kubwa. Naandika polepole ili nisisahau lolote.

Pivot wa Bandari ni Tambwe. Asubuhi hubeba magunia kwenye ghala la mchele la Mama Odile, na akisimama mlangoni ndani panaingia giza. Nimekwenda kumchokoza. Nimemwambia gunia lile alilobeba ni zito kumshinda yeye. Akacheka, akaliweka chini, akapanda mwenyewe kwenye mizani ya nyuma, pale Mama Odile anapopokea mchele wa wakulima wa Pangi. Kilo themanini na nne!

Nilipangusa macho. Themanini na nne! Mtu mzima yule ni pamba tupu. Na adabu anayo: aliposhuka alinikanyaga kidogo, akaniomba samahani mara tatu, akaninyanyua.

Mchana nimemleta Jules, pivot wetu, kijana ambaye mama zetu sokoni wakimwona humwongezea ndizi kwa huruma. Mlango wa nyuma ulikuwa umezibwa na lori, basi tukatumia mizani ya mbele, ile ya kuuzia akina mama wanaokuja na mabeseni. Kilo mia moja na sita!

Tofauti ya kilo ishirini na mbili, na ni yetu! Ni kweli Jules akisimama nyuma ya Tambwe haonekani. Lakini macho ya mtu yana mapenzi. Mizani haina timu. Mama Odile alikuwa anakohoa sana muda wote huo, amejifunika uso kwa kitenge. Nimemshauri atumie tangawizi.

Ijumaa, 7 Juni

Nimewasilisha. Wilfried naye amewasilisha. Aliposikia kilo zangu akasema hata kipofu anajua nani mnene kati ya wale wawili. Nikamwomba atuonyeshe namba zake. Hana. Kwenye nafasi ya pivot alikuwa amechora mlima. Wa bluu.

Mama Albertine aliangalia karatasi yangu muda mrefu, kisha akaniangalia mimi. Akasema mpango wake ulikuwa kumwekea Tambwe watu wawili. Lakini kama kilo hizi ni za kweli, Jules atasimama naye peke yake, na mtu wa pili aende akamzuie Idrissa. Akauliza kama naapa. Nimeapa! Mshale niliuona mimi mwenyewe! Akasema miaka yote hii amepima watu kwa macho tu, labda sasa ni wakati wa mizani.

Tukishinda, kiti ni changu. Wilfried ameondoka bila kuaga. Moja ya kalamu zake imevuja kwenye shati. Sikufurahi. Nilifurahi kidogo.

Jumapili, 9 Juni

Sina nguvu ya kuandika. Naandika.

Robo ya kwanza: Bandari ishirini na moja, Reli sita. Tambwe anapokea mpira, anageuka, na Jules hayupo tena pale alipokuwa. Hakusukumwa kwa ubaya. Alihamishwa tu, kama kiti. Na kila alipoanguka, Tambwe alimshika kwa mkono mmoja, akamsimamisha, akampangusa vumbi mgongoni, akaenda kufunga tena. Kusema ukweli wangu wote, sijawahi kuona pivot mzuri namna ile. Mwili wote ule na vidole vya mshona nguo! Watu wa Reli walianza kunitafuta kwa macho. Nikahamia upande wa Bandari.

Wakati wa mapumziko Mama Albertine hakupiga kelele. Alichana karatasi yangu mara mbili, akaiweka mfukoni ili isichafue uwanja. Akarudisha mpango wake wa kwanza, watu wawili kwa Tambwe. Na tukaamka! Mwalimu wa hesabu alirusha na kugeuka, akarusha na kugeuka. Henri alikimbia mpaka kiatu kikafunguka mdomo. Dakika ya mwisho, hamsini na nane kwa hamsini na saba, wao wakiongoza. Mwalimu akarusha. Akageuka. Idrissa, yule mfupi, akaruka kutoka sijui wapi, akaugusa mpira kwa ncha ya kidole.

Mwalimu alikuwa ameshaanza kurudi nyuma. Ilibidi aambiwe.

Pointi moja. Nusu nzima ya mchezo tumeitupa kwa ajili ya kilo zangu, na tumekosa pointi moja. Bandari ndio wanaoruka. Nilipiga makofi nikiwa katikati ya watu wao huku machozi yananitoka, wakanikumbatia wakidhani ni furaha.

Nyumbani Fifi alikuwa ameshasikia habari ya mizani kutoka kwa wanawake wa sokoni. Alinitazama kama anavyomtazama mgonjwa.

“Papa Bénie, ile mizani ya nyuma njo ya kununulia, inapunguza. Ya mbele njo ya kuuzia, inaongeza. Kila mwanamuke wa Kindu anajua. Weye ulienda kununua mchele siku gani?”

Sijawahi kununua mchele.

Jumatatu, 10 Juni

Nimekwenda kuomba msamaha. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, na mengine ya Kifaransa. Sikufika mbali. Mama Albertine alisema macho alikuwa nayo, akayaacha kwa ajili ya karatasi, kwa hiyo kosa ni lake. Si lake! Ni langu, nikamwambia, tukabishana nani mwenye kosa mpaka chai ikapoa. Jules pia alikuwepo, na barafu begani. Alisema kucheza na Tambwe ni heshima na mwaka ujao anataka tena, ila wawe wawili.

Nimetoka pale nimekuwa mtu mwingine kabisa. Sitagusa mizani maisha yangu yote.

Jumanne, 11 Juni

Habari kubwa! Idrissa amepita stesheni kuulizia mzigo. Anasema Bandari wana kiti kimoja cha ziada kwenye ndege, na kocha wao anatafuta mtu wa kuwalinganisha na timu ya Goma, nafasi kwa nafasi. Kiti kimoja! Wilfried hajui bado.

Hapana, si kilo. Kilo nimeapa. Safari hii ni urefu, kitu cha wazi, kinachoonekana mchana. Nimekwenda sokoni kwa muuza vitambaa, nikaazima mita yake ya mbao, nzuri, inang'aa kwa kushikwa. Ameuzia nguo kwa mita hiyo hiyo miaka ishirini. Ina maana ni ya kuaminika.

Idrissa: mita moja na themanini na nne. Nani angefikiri! Kila pacha: mita mbili na kumi. Tambwe nilimaliza mita, nikapanda stuli, nikaanguka, akanidaka. Mita mbili na ishirini na tano. Goma watatafuta pa kukimbilia.

Mwishowe nikajipima na mimi. Mita moja na themanini na nane! Kwenye kitambulisho nimeandikwa mita moja na sabini na mbili. Ni mchezo huu, unarefusha watu.

Nimemwambia Fifi ashushe pindo la suruali yangu ya safari, sentimita kumi na sita. Amekaa chini kwa kicheko, hajainuka mpaka sasa.