Simba ya Namba Mbili

Jumatatu, 2 juin
Niko na miaka soixante-dix-neuf, mwaka moja tu nifike makumi nane. Nimepita vita mbili, volkano ya Goma, na madaktari watatu walionikataza chumvi. Wote watatu wamekufa. Mimi niko Saint-Gilles, hapa Bruxelles, ninakula chumvi.

Jumamosi mutoto wa ndugu yangu, Kahambu, anaolewa. Nani atasema kwa jina la familia? Mimi ama shemeji Mathieu, anayeongea kama frigo ya zamani: kelele mingi, baridi hakuna. Nikatangaza: nitaleta zawadi, chombo ya feza ya Uholanzi! Mathieu akacheka. Kahambu akakata maneno: Papa Modeste akileta ya kweli, yeye atasema.

Jumanne, 3 juin
Nimepata! Bakuli ya sukari, soko ya vitu vya zamani. Chini kuna mihuri midogo: kichwa ya mwanamuke mwenye kofia ya vita, na simba anayetembea na namba 2. Jirani Jémima, anayefanya usafi kwa muuza antika, ameangalia na loupe, kile kioo cha kukuza. Eti ni ya kweli, papa, usiiguse. Eti mbili ni kipimo tu, feza nzuri, Waholanzi waliridhika nayo.
Waholanzi! Mimi sipokei ya pili. Mathieu ataona hiyo mbili mbele ya kuona bakuli.

Jumatano, 4 juin
Mama yangu kule Butembo alisugua sufuria kwa majivu na muchanga mpaka unajiona meno. Bon. Saa mbili za kusugua. Mbili imekwenda. Simba pia. Mwanamuke na kofia yake pia. Usafi!

Alhamisi, 5 juin
Jémima amepiga kelele: bila mihuri, nani atajua ni feza? Donc nimechukua musumari, nikachonga simba mwenyewe, na 1 kubwa. Mukia ulikosa nafasi. Nikaukunja.

Jumamosi, 7 juin
Salle ya arusi kule Etterbeek, watu tele. Mathieu akageuza bakuli, akavaa miwani, akauliza kwa sauti: beau-frère, hii mbuzi ni ya wapi? Kicheko! Kahambu hakucheka. Akasema polepole: papa, keti tu.
Mathieu akaongea quarante minutes, dakika makumi ine nzima. Hakuna aliyemukanya.

Jumapili, 8 juin
Wivu tu. Nimerudi sokoni: vijiko sita vya Uholanzi, kila kimoja na muhuri wa upanga. Upanga, kwa zawadi ya ubatizo? Maana mutoto atakuja, na familia itatafuta muntu wa kusema. Majivu iko tayari.
Kama ninajua feza ama sijui, muulize Waziri, muuza vijiko. Nimemuelezea saa nzima, na hakunikatiza hata mara moja.