Kichwa Kimoja cha Makina

"Inatangazwa kwa watu wote wa Kibra na Kawangware, wake kwa waume, kwamba kuanzia mwezi huu hakuna atakayetazama sinema ya Serikali kabla hajakadiriwa. Atakayehudhuria bila kukadiriwa atahesabika kuwa hakuhudhuria. Atakayekadiriwa asihudhurie atakuwa ameidanganya Serikali."

Tangazo hilo lilibandikwa mwaka wa hamsini kwenye mlango wa duka pale Makina, kitongoji cha Kibra, na aliyelisoma kwa sauti alikuwa Sadiq Fadlalla, sajini mstaafu, kichwani tarbushi nyekundu aliyoipiga brashi asubuhi hiyo. Alilisoma mara mbili. Mara ya kwanza kwa faida ya watu, mara ya pili kwa sababu lilimpendeza. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa ameteuliwa Mkadiriaji Mkuu wa Mahudhurio ya Sinema, Makina na Vitongoji Vyake. Na kwa mtu aliyepigana Burma, kisha akarudi nyumbani kukaa barazani akitumwa sukari, cheo ni cheo, hata kikiwa kirefu kuliko mshahara.

Kabla ya hapo mambo yalikuwa ya kienyeji sana. Gari la sinema lilikuja Jumamosi Makina na Jumapili Kawangware, dereva Muigai akatundika kitambaa cheupe uwanjani, giza likaingia, watu wakaja, wakatazama, wakaenda zao. Bwana Pettifer, Mzungu aliyesimamia sinema za Serikali, ambaye Makina nzima ilimwita Bwana Hesabu, aliona hiyo ni fujo. Serikali gani inayoonyesha sinema bila kujua mapema itapendwa na vichwa vingapi? Ikaundwa ofisi. Kila Ijumaa Sadiq alikaa peke yake katika chumba chenye mapazia, akatazama filamu ya wiki, kisha akaandika idadi ya vichwa vitakavyokuja, na pembeni akaandika Maelezo.

Hayo Maelezo ndiyo yaliyompa jina mjini. Kuhusu filamu ya kupiga mswaki aliandika: "Mhusika mkuu ni jino. Linaanza likiwa bovu, linamaliza likiwa jeupe, na katikati hakuna fitina yoyote. Makina watakuja wachache. Kawangware wachache zaidi, kwa maana Makina watakuwa wamekwisha kuwaambia mwisho wake." Kuhusu filamu ya kuweka akiba posta: "Mwenye pesa atakuwa dukani, na asiyenazo hapendi kukumbushwa." Kuhusu ufugaji wa sungura alikadiria umati mkubwa: "Watu wamesikia kuna sungura. Hawajaambiwa kwamba wako kwenye kitambaa." Yote yalikuwa kweli, na Sadiq alitembea Makina kifua mbele.

Kuhesabu ilikuwa kazi ya Ephantus Nderitu wa Kawangware, mzee wa kanisa, mtu asiyeweza kusema uwongo hata kwa mgonjwa. Alipewa kidude cha chuma cha kubonyeza. Kila kichwa kikiketi, kidude kinalia *ka*.

Ilivyokuwa kweli, na Sadiq aliijua siri hiyo vizuri, watu hawakuja kwa ajili ya jino wala posta. Mwishoni Muigai huweka kipande kifupi cha mtu mnene anayeanguka ndani ya pipa la rangi. Kwa ajili ya mtu mnene, Kibra ingevumilia lolote.

Basi Ijumaa moja ikaletwa filamu iliyoitwa *Heri Waliohama*. Sadiq akaketi gizani, kalamu mkononi. Akaona familia inayofanana kabisa na watu wa Makina ikipakia godoro kwenye lori huku ikicheka. Lori likaenda, likaenda, likafika mahali penye vijumba vilivyopangwa mstari mmoja kama askari gwarideni, hakuna hata mti. Familia ikashuka, ikacheka tena. Hata kuku alionekana kuridhika.

"Bwana," Sadiq aliuliza mapazia yalipofunguliwa, "hawa wamehamia wapi?"

"Mbali," alisema Bwana Hesabu. "Mahali mzuri sana. Hapana mbu."

"Na maji, bwana?"

"Hapana maji. Ndiyo sababu hapana mbu."

Sadiq akaandika hilo. Bwana Hesabu akamsogezea kiti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Sikia, Sadiq. Serikali hapana lazimisha mtu. Hii si desturi. Kila kichwa nakuja tazama hii filamu, hiyo kichwa imekubali kuhama. Kama hapana kubali, kwa nini imekuja tazama? Jumamosi ya pili tunaonyesha. Halafu lori."

"Kibra yote, bwana?"

"Kila kichwa imekubali."

Sadiq aliogopa, na wala si aibu kusema. Baba yake, Fadlalla, alipewa kile kiwanja cha Makina baada ya kuwatumikia Waingereza mpaka meno yakamwisha. Mama yake amezikwa karibu na hapo. Nyumba ile aliipaka chokaa kwa mikono yake kila Idi. Na sasa alijua kwamba mtu mnene angeanguka ndani ya pipa Jumamosi hiyo, na Kibra nzima ingekuja kumcheka, na kwa kicheko hicho ingekuwa imehama.

Makadirio yalikuwa siri ya Serikali, naye alikuwa ameapa. Kwa hivyo hakumwambia mtu yeyote isipokuwa mkewe Fatna, ambaye hakuwahi kuhesabika kuwa mtu yeyote katika kanuni za ofisi.

"Mama Zeinabu," alisema akivua viatu, "mtu akienda sinema Jumamosi ya wiki ijayo, amehama."

"Amehama kwenda wapi?"

"Pasipo na maji."

Fatna alikuwa akisuka kawa la kufunikia chakula. Akamaliza mzunguko mmoja.

"Harusi ya Zeinabu ni lini?" akauliza.

"Si tulisema baada ya mfungo?"

"Ni Jumamosi ya wiki ijayo."

"Bwana harusi anajua?"

"Ataambiwa."

Asiyewajua Wanubi wa Kibra hataelewa uzito wa maneno hayo. Ngoma ya doluka ikilia Makina, hakuna anayebaki nyumbani. Hapana kadi, hapana mwaliko. Mgonjwa hubebwa. Mwenye ugomvi na wenye harusi huja pia, ili agombane kwa karibu. Asiyeonekana kwenye doluka ya jirani, siku yake ikifika atajibebea jeneza mwenyewe. Fatna hakuhitaji kumwambia mtu yeyote neno la sinema. Alihitaji tu kutaja siku. Lakini kwa kuwa ni Fatna, alilitaja na neno la sinema pia.

Ijumaa iliyofuata Sadiq akaandika makadirio yake: "Hakuna." Kwenye Maelezo akaongeza: "Filamu hii ina kila kitu isipokuwa watazamaji."

Bwana Hesabu akakasirika. Akapanda gari lake, akamchukua Sadiq, wakashuka Makina kujionea. Huko walikuta wanawake wakijaribu nguo zao mpya za gurbaba, mabuibui yameanikwa, mbuzi wamefungwa mstarini, mikeka inapigwa vumbi, na watoto wote wamesuguliwa mpaka wanang'aa.

"Sadiq, kwa nini watu yote nafanya tayari?"

"Kesho kuna sherehe, bwana."

Uso wa Bwana Hesabu ukakunjuka. "Aaa! Sherehe ya filamu yangu!"

Sadiq alikaa jeshini miaka mingi, na jambo la kwanza alilofundishwa ni kwamba askari hamsahihishi mkubwa wake. Hakumsahihisha. Bwana Hesabu akaikata ile "Hakuna", akaandika "Wote", akatia sahihi yake mwenyewe, na chini akaeleza kwa wakubwa kwamba amewaona wenyeji kwa macho yake wakioga kwa ajili ya kuhama.

"Bwana," Sadiq akasema, "naomba ruhusa ya kesho jioni. Binti yangu anaolewa."

"Binti nangoja. Makadirio hapana ngoja."

Kwa hivyo Jumamosi baada ya Alasiri Sadiq alimwoza mwanawe msikitini, akampa mkwewe mkono, na kabla wali haujaiva akatembea kwenda uwanjani kusimama karibu na kitambaa cheupe. Kutoka Makina doluka ilianza kulia. Aliijua sauti ya kila mpigaji. Alijua kwamba wakati huo Zeinabu anatolewa nje, na wanawake wanamzunguka, na mahali pa baba yake pako wazi. Moyo ulimuuma, wala hakujaribu kuuficha. Alisimama tu, tarbushi sawasawa.

Uwanja ulikuwa mtupu. Muigai akawasha mashine. Nzi wawili wakaja kwenye taa.

Akapita Wacera, muuza kuni wa Kawangware, mzigo mgongoni. Ephantus akamwita kwa heshima.

"Mama Wacera, simama kidogo utazame."

"Nikisimama nitahesabiwa?"

"Utahesabiwa."

"Basi andika sijasimama," akasema, akaongeza mwendo, akashika njia ya kwenda kulikolia ngoma.

Bwana Hesabu alitembea huku na huku na mbwa wake. Aliitazama saa. Alitazama vichaka. Mwishowe akapata jibu, kwa maana watu wa namna yake hawakosi jibu.

"Naona! Wenyeji naogopa kuwa wa kwanza. Lazima mtu moja nafanya mfano." Akatoa kiti cha kukunja garini, akakiweka katikati ya uwanja, akaketi.

Ephantus akamkaribia, kidude mkononi. Dhamiri ilimsumbua.

"Bwana, samahani. Sisi watatu tuko kazini, kanuni haituhesabu. Wewe umeketi kama afisa au kama mtazamaji?"

"Mtazamaji!" alipaza sauti Bwana Hesabu, ili wote waliojificha wasikie. "Mimi mtazamaji kabisa!"

*Ka*, kidude kikalia.

Ephantus akamwangalia mbwa kwa muda mrefu, akaamua kwamba mbwa ameletwa bila hiari yake.

Filamu ikaonyeshwa yote. Bwana Hesabu alicheka pale familia ilipocheka, akapiga makofi lori lilipofika. Hakuna kichaka kilichotikisika. Sadiq akaandika ripoti kwa mwandiko wake bora: "Mahudhurio: kichwa kimoja. Maelezo: kilikuja kwa hiari, kilikaa mbele, kilitazama hadi mwisho kwa furaha kubwa. Kimekubali." Ephantus akathibitisha, kwa kuwa ilikuwa kweli. Bwana Hesabu, aliyekuwa na haraka ya kwenda kulala, akatia sahihi bila kusoma.

Karatasi ikapanda juu. Huko juu hawakuwa na muda wa kuuliza ni kichwa cha nani. Kulikuwa na mpango, kulikuwa na lori, kulikuwa na kichwa kilichokubali, na chini yake sahihi ya Pettifer. Wakubwa walifurahi hata kuanza na huyo mmoja.

Jumamosi iliyofuata, asubuhi, lori likapanda kile kilima ambacho zamani kilikuwa malisho ya ng'ombe wa Kibra, likasimama mbele ya nyumba ya Bwana Hesabu yenye maua na bomba la maji ndani. Akatoka na nguo za kulalia.

"Hii makosa! Mimi si mtu ya kuhama!"

Karani aliyekuja na lori alikuwa mpole. "Bwana, tumeambiwa utasema hivyo. Kila aliyekubali husitasita siku yenyewe." Na wapagazi wakaingia kuchukua godoro.

Sadiq aliletwa kusimamia utulivu, ingawa hakuna aliyevuruga. Makina yote ilikuwa imefika, na mikeka yake. Bwana harusi na Zeinabu walikaa mbele, kama wageni wa heshima, na safari hii Sadiq aliketi pembeni ya binti yake. Kochi lilipokwama mlangoni, watu wakashangilia. Mpagazi mnene alipoteleza kwenye ndoo, kina mama wakapiga vigelegele mpaka mbwa akajiunga. Ephantus alibonyeza kidude hadi kikakataa kuhesabu zaidi. Bwana Hesabu alikuwa amepandishwa mbele ya lori, ameshika saa ya ukutani mapajani, akimtazama Sadiq kwa dirisha. Sadiq akasimama, akampigia saluti ya kijeshi isiyo na kasoro.

Wacera akajipenyeza, jasho likimtoka.

"Mzee Sadiq, yaani nyinyi wa Makina mnaona peke yenu? Sisi wa Kawangware tutaonyeshwa lini?"

Sadiq akatazama injini ikinguruma, akatazama barabara inayoelekea huko mbali, na akakadiria.

"Linapita kwenu, mama. Kimbia uwaambie wakae mapema."