Mtungi Ulioshiba Ngano

Jumatatu, 4 Julai 1983

Joakimu tena! Jana kaleta rimu ya trekta, kaitundika kwenye mgunga mbele ya kigango chetu iwe kengele, kaigonga kwa spana. Akina mama wakapiga vigelegele. Kwa rimu! Yeye ni dereva wa kombaini hapa shamba la ngano la serikali. Mimi ni karani wa stoo, na ndiye ninayesoma matangazo kila Jumapili. Jumapili hii Padri anakuja kusimamia uchaguzi wa mwenyekiti wa kigango. Nani atamchagua msoma matangazo akiwepo mleta rimu?

Lazima nilete kengele ya kweli. Yenye sauti ya kufika mpaka Bashay kwa mama yangu, upepo ukikubali.

Na bahati imekuja yenyewe. Kesho anafika mkaguzi wa mitungi ya gesi. Kila mtungi umegongwa tarehe shingoni. Miaka yake ikipita, marufuku kuujaza mpaka upimwe upya. Ukifaulu, unagongwa tarehe mpya. Ukifeli, unatobolewa, unakuwa chuma chakavu. Mtungi uliokatwa kitako ni nini kama si kengele? Nimelala nikitabasamu. Mke wangu Fransiska kaniuliza kama naumwa.

Jumanne, 5 Julai

Mkaguzi ni Bwana Alfredi, mtu mzima, mpole. Shikamoo yangu kaipokea bila kuinua macho. Kwanza anaweka mtungi kwenye mizani. Kisha anatafuta kutu. Kisha anagonga kwa nyundo ya mbao na kusikiliza. Mtungi mzima huimba. Uliooza husema bwu.

Mtungi wa kantini: bwu! Umefeli! Nikashangilia. Bwana Alfredi kanitazama sana.

Meneja karidhia niuchukue kwa ajili ya kigango. Fundi Bura kaukata kitako, tukautundika, watu wakakusanyika. Nikagonga. Bwu. Nikagonga kwa nguvu zote. Bwu. Mbwa aliyelala chini yake hakuinua hata sikio.

Ndipo nikaielewa kanuni ya serikali. Wenye sauti hawafeli, na wanaofeli hawana sauti! Nani alitunga kitu hiki?

Joakimu akapita. Akasema debe tupu haliachi kuvuma, ila la Nicodemo, yaani mimi, hata kuvuma limeshindwa. Wakacheka wote. Bura pia, niliyemnunulia chai.

Jumatano, 6 Julai

Nimekesha kwa hasira. Lakini alfajiri hekima ikaingia. Kama debe tupu huvuma, basi lililojaa hunyamaza!

Stoo kuna mtungi wa nyumba ya wageni, mtupu, utakaguliwa kesho. Ukiugusa kwa ukucha unaimba kama kwaya ya parokiani Tumati. Huo ndio wangu. Ufeli tu.

Bura aligoma kufungua valvu. Alisema mtungi ukishafunguliwa na mtu asiyeruhusiwa hauaminiki tena. Maneno mengi! Nikamwahidi umakamu mwenyekiti. Akaufungua nje, mbali na moto, amejiziba pua. Nikamimina ngano kwa faneli mpaka shingoni. Nikagonga. Bwu! Bwu tamu ajabu. Bura akarudisha valvu. Nimekula viazi sahani mbili.

Alhamisi, 7 Julai

Nilisahau mizani.

Uzito wa mtungi mtupu nao umegongwa shingoni. Mshale ulikimbia mpaka mwisho. Bwana Alfredi akasema kwa upole kwamba amezoea mitungi inayokonda kwa kutu, huu ni wa kwanza kunenepa. Akaitoa valvu, akauinamisha. Ngano ikamwagika juu ya viatu vya Meneja.



Na huu ndio mwaka ambao mtu mwenye sabuni mbili anaficha moja asiitwe mhujumu uchumi! Meneja akauliza nimeshatorosha ngano ya taifa kwa mitungi mara ngapi. Nikajibu si wizi, ni kengele. Hapo nikaharibu kabisa. Akaita mlinzi.

Naandikia haya kibandani kwa mlinzi. Fransiska kaleta ugali. Kauliza, nikifungwa, nani atamlea mtoto wetu Tekla. Ninaogopa. Ugali umebaki wote.

Ijumaa, 8 Julai

Asubuhi Meneja alishaagiza gari la kunipeleka polisi Katesh. Joakimu akaomba kusema. Nikajua nimekwisha.

Alimwamkia Meneja, akasema mwizi wa ngano hutumia gunia, huyu mwenzetu anatafuta uenyekiti tu. Akawapeleka wote mgungani, akaugonga ule mtungi wa kantini. Bwu. Akaeleza mpango wangu hatua kwa hatua, kumbe Bura alishamsimulia, naye Bura akiitikia. Meneja alicheka mpaka akakaa chini. Nimeokolewa kwa kuthibitishwa mjinga hadharani! Nilimshukuru Joakimu, na nilitaka kumpiga.

Adhabu yangu: kuokota ngano yote punje kwa punje. Nikiwa nimepiga magoti, nikamsikia Bwana Alfredi akisema mtungi uliochezewa valvu haugongwi tarehe mpya, hata uimbe vipi. Akautoboa.

Umefeli! Mtungi wangu umefeli!

Meneja kautoa kwa kigango. Kamkabidhi Joakimu aukatishe kitako.

Jumapili, 10 Julai

Joakimu kagonga. Mungu wangu, sauti ile! Ilipita juu ya ngano yote. Wachungaji upande wa Dirma walisimama na ng'ombe wao. Nililia mbele za watu. Nilitaka kumwambia kila mtu kwamba ni mimi niliyeichagua sauti hiyo.

Joakimu ni mwenyekiti. Mimi nilipata kura moja. Fransiska anasema hakumbuki alimpigia nani.

Mwenyekiti kaniteua mgonga kengele. Nimekubali, kwa ajili ya Kanisa.

Jumatatu, 11 Julai

Nimetafakari sana, na kosa nimeliona. Kosa lilikuwa ngano. Ngano ni mali ya umma.

Leo karakanani nimeona mtungi mwekundu wa kuzimia moto. Tarehe yake imepita, na mkaguzi wake anakuja mwezi ujao. Nimeugonga kwa kidole. Sauti nyembamba, ya malaika, ya Krismasi kabisa. Kengele mbili! Joakimu atasema nini?

Bura ananikimbia, lakini atakubali. Nimemwomba Fransiska debe la maharage. Hayo ni yetu wenyewe.